Nilimrudishia Mdogo Wangu Pombe Aliyokuwa Ameiacha

Mimi si mlevi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari ya pombe, humtafuta mlevi wamlaumu. Katika habari hii mlevi alikuwa mdogo wangu, na sasa yuko kaburini. Mwenye kosa ni mimi.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Mchungaji wetu hajalisikia. Mume wangu marehemu alilisikia nusu. Leo nakueleza wewe usiyenijua, maana mbele ya anayenijua mdomo wangu unakuwa mzito. Jina langu niachie. La mdogo wangu nimelibadilisha, nitamwita Kasiani.

Baba yetu alitoka kusini akaja Kilosa kukata mkonge kwa mkataba, kama walivyokuja vijana wengi wakati wa Mwingereza. Mkataba ulipoisha hakurudi kwao. Alimpata mama, binti wa Mamboya, wakakaa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, upande wa Kimamba. Baba alikuwa mtu wa nguvu, mcheshi, anapendwa na wenzake. Alikuwa pia mtu wa pombe. Akishapokea mshahara alipotea, na aliporudi mama alikuwa anamvua viatu kama mtoto.

Mimi sikukulia pale. Nilipoacha kunyonya, mama alinipeleka Mamboya kwa bibi. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, wa wale wa zamani wa misheni, na nyumbani kwake pombe haikuvuka kizingiti. Nilikaa naye mpaka nikawa msichana wa kuweza kubeba mtoto mgongoni. Ndipo mama akaniita nishuke kambini, maana alikuwa amejifungua Kasiani na alitakiwa arudi kazini kuanika katani.

Kasiani alikuwa mtoto wa kulia. Alilia asubuhi, alilia jua la utosi, alilia mpaka jirani wakagonga ukuta. Mimi nilikuwa mtoto pia. Wenzangu walikuwa nje wanaruka kamba, nami nimefungiwa mgongoni mzigo unaopiga kelele.

Siku moja nikachovya kitambaa kwenye pombe ya baba iliyobaki kibuyuni, nikampa anyonye. Ilikuwa pombe ya mtama, bado ina utamu. Alinyonya, akanyamaza, akalala. Nikamlaza kwenye mkeka nikaenda kucheza.

Kesho yake nikafanya tena. Ikawa ndiyo desturi.

Baba alinikuta siku moja nikiwa na kitambaa mkononi. Nikadhani atanipiga. Alicheka. Akasema, “Mpe, mpe. Huyo mwanangu kweli. Ukoo wetu pombe haitushindi.”

Mama hakujua. Alirudi jioni akamkuta mtoto ametulia, akanisifu mbele ya wanawake wenzake. “Huyu binti yangu ana mkono wa kulea,” alisema. Nami nikafurahi kusifiwa.

Unaweza kuniambia nilikuwa mtoto, sikujua. Ni kweli, sikujua. Ningekuwa na hilo tu, pengine nisingekuandikia. Lakini nataka ulijue kwanza, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Kasiani alipokuwa mkubwa wa kutumwa, baba alimtuma kilabuni na kibuyu. Kutoka kilabuni mpaka nyumbani ni njia ndefu, na kibuyu hakikufika kimejaa. Kila mtu alijua, na kila mtu alicheka. Shuleni mwalimu alimrudisha nyumbani mara kadhaa kwa sababu alinuka. Hakumaliza darasa la nne.

Uhuru ulipokuja, akina mama kambini walipika pombe ya kutosha kila nyumba. Watu walicheza ngoma mchana kutwa. Kasiani alikuwa kijana ambaye ndevu bado, lakini alikaa na wazee akanywa nao sawasawa, na walipomaliza alibebwa na wanaume wawili kuletwa nyumbani. Waliomleta walikuwa wanacheka. Baba alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa tayari nimeolewa, nina mtoto mkononi, nami nilicheka.

Sasa nikueleze habari yangu na pombe. Mimi niliionja kwa mara ya kwanza nikiwa mwanamke mzima, baada ya kuolewa, nilipojifunza kuipika. Nilikuwa mpishi hodari. Watu walitoka Kilosa mjini kufuata kangara yangu. Lakini kunywa kwangu kulikuwa kikombe kimoja, cha kuonja kama imeiva. Nikishaonja nakiweka chini, nakisahau. Ndiyo maana sikumwelewa mdogo wangu. Nilifikiri kila mtu anaweza kukiweka chini kama mimi.

Baba alikufa miaka michache baada ya uhuru. Tumbo lilivimba, miguu ikavimba, macho yakawa manjano kama binzari. Alikufa akiwa anaomba kikombe.

Msibani alikuja mdogo wake kutoka kusini, baba mdogo ambaye tulikuwa hatujawahi kumwona. Tulikaa naye nje baada ya mazishi, mimi na Kasiani. Akasema kwa sauti ya chini, “Baba yenu ameondoka vilevile alivyoondoka babu yenu. Tumbo hilohilo. Na kaka yetu mkubwa vilevile. Mimi nilipoona hivyo nikaiacha nikiwa kijana. Hata kuinusa siinusi.”

Nilimtazama Kasiani. Alikuwa ameshika kikombe cha pombe ya msiba, bado kimejaa. Akakimwaga mchangani.

Aliacha siku ile. Lakini kuacha kwenyewe, ndugu yangu, usikuone kidogo. Nilimchukua nyumbani kwangu nikamuuguza. Alitetemeka mpaka meno yakagongana. Alitoka jasho shuka ikalowa. Mchana kweupe alikuwa ananionyesha ukutani, “Dada, ondoa siafu hao,” na ukutani hapakuwa na kitu. Nilimlisha uji kwa kijiko kama nilivyomlisha alipokuwa mchanga. Mume wangu alimshika ili asijiumize.

Alipopata nafuu tulikaa naye jikoni nikiwa napepeta mahindi. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau.

“Dada, mimi si kama ninyi. Ninyi mnakunywa mnashiba. Mimi sina mahali pa kushibia. Nikiweka moja mdomoni nimekwisha.”

“Basi usiweke,” nikamwambia.

“Siweki. Ila nisaidie. Ukiniona nasogea, nishike.”

Nikamwahidi. Umeona? Nilijua yote. Nilisikia habari ya ukoo wetu kwa masikio yangu, nikaona kwa macho yangu gharama ya kuacha, na nikaahidi kwa mdomo wangu.

Basi akawa mtu. Alirudi kambini akajifunza trekta kwa fundi wa shamba, na alikuwa na mikono ya kazi. Akaoa binti wa Ulaya, kijiji cha hukohuko Kilosa, nitamwita Zuhura, wa nyumba ya Kiislamu. Mzee wake alimwuliza swali moja tu, “Kijana, ni kweli ulikuwa mlevi?” Kasiani akajibu, “Ni kweli, mzee, nilikuwa. Nimeacha, na sitaonja tena.” Mzee alimpenda kwa kutoficha. Kasiani akasilimu, wakafunga ndoa. Wakazaa msichana, kisha mvulana.

Tulipoambiwa watu wote tuhamie vijijini, mimi na mume wangu tulipewa kiwanja kando ya barabara iendayo Mikumi. Kasiani na mkewe walipewa hatua chache kutoka kwetu. Kijiji kikapata trekta, trekta moja kwa shamba lote la ujamaa, na dereva akachaguliwa Kasiani. Watoto walikuwa wanalikimbilia akipita. Wazee walikuwa wanamwita Ndugu Dereva. Mtu aliyekuwa anabebwa akichekwa, sasa kijiji kizima kinamsubiri yeye ndipo kilime.

Mimi niliendelea kupika pombe, nikajenga kilabu changu hapo nyumbani. Kasiani alikuwa akija kunisalimu, anasimama nje ya uzio. “Shikamoo dada.” “Marahaba, karibu.” “Hapahapa panatosha.” Hakuingia hata siku ya mvua.

Sasa nakuja kwenye kosa.

Binti yangu mkubwa alipata mchumba wa Mikumi, kijana wa familia yenye jina, na baba yake alikuwa mzee anayeheshimika sana kule. Upande wa mama yetu, mjomba ndiye mwenye msichana. Baba mzazi anaweza kukaa pembeni, lakini bila mjomba neno halitoki. Siku ya kukubaliana, watu wa mvulana huleta pombe, na wa kwanza kuionja ni mjomba wa binti. Akiionja, amekubali. Asipoionja, amekataa, nao huinua vyombo vyao wakaondoka.

Mjomba wa binti yangu alikuwa mmoja tu, Kasiani.

Aliniambia mapema. Alikuja wiki nzima kabla, akasimama nje ya uzio kama kawaida yake. “Dada, mtoto wangu namkubali kwa moyo wote. Lakini ile pombe utafanyaje?”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nitapika togwa, nitaiweka kwenye kibuyu chake peke yake, na nitawaeleza wageni mapema kwamba mjomba ni Mwislamu, hanywi. Akafurahi. Akaniletea mtama wa togwa mwenyewe.

Togwa nilipika. Wageni sikuwaeleza.

Kwa nini? Aibu, hakuna kingine. Mzee wa Mikumi alifika na watu wake wamevaa vizuri, na wanawake wao wanakagua nyumba yangu kwa macho. Nilikuwa naongoza akina mama wa kijiji, nilikuwa mpishi wa pombe anayejulikana mpaka Kilosa, na kaka wa mama wa bibi harusi anywe togwa kama mtoto? Nikajiambia nitalisema baadaye kidogo. Baadaye ikapita.

Kibuyu kikaletwa. Mshenga wao akapiga magoti mbele ya Kasiani, akamimina, akainua. Kasiani akatabasamu kwa adabu, akasema, “Nashukuru, wakwe zangu. Mimi nitaitikia kwa togwa. Dada ameniandalia.”

Mzee wa Mikumi akawatazama watu wake, kisha akanitazama mimi. “Mama,” akasema, “pombe yetu ina kasoro? Au ni sisi wenyewe?”

“Hapana, baba, hapana,” nikasema.

“Maana mimi nimekaa kwenye shughuli nyingi. Mjomba akikataa pombe, najua maana yake.”

Mwanamke mmoja wa upande wao akaanza kukusanya khanga yake kama anayetaka kuinuka. Binti yangu alikuwa ndani, anasikia yote.

Hapo ningeweza kusema. Neno moja tu: huyu alikuwa anaumwa, pombe ni sumu kwake. Mzee angeelewa, alikuwa mtu mzima. Nilikuja kumjua baadaye, na ninajua angeelewa.

Badala yake nikainuka. Nikampokonya mshenga kikombe. Nikapiga magoti mbele ya mdogo wangu, mimi niliyembeba mgongoni, nikamshikisha.

“Moja tu, mdogo wangu,” nikamnong’oneza. “Nivushe.”

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa.

“Dada, unajua unachonipa?”

“Najua. Kunywa.”

Akanywa. Watu wakapiga vigelegele.

Kisha ikaletwa ya pili kwa heshima ya bibi harusi, ya tatu kwa heshima ya bwana harusi. Sikumzuia. Jua lilipoanza kushuka alikuwa amesimama katikati ya watu anasimulia visa vya kambini, na wakwe wanashika mbavu kwa kicheko. Alifanana na baba kabisa, sauti ileile, mikono ileile. Mzee wa Mikumi akaniambia, “Mama, una kaka mchangamfu.”

Nami nilifurahi. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilikuwa na furaha siku ile.

Zuhura, mke wake, alikuwa amekaa na akina mama. Alijitanda mtandio wake vizuri, akawachukua watoto wake wawili, akaondoka bila kumuaga mtu.

Baada ya shughuli Kasiani alikaa siku chache bila kuonekana kwangu. Nikajiambia, umeona, ilikuwa moja tu, amevuka. Kisha asubuhi moja nikasikia mlango wa uzio. Aliingia ndani ya kilabu, mara ya kwanza tangu nijenge, akakaa kwenye benchi.

“Dada, nipe kidogo. Kichwa kinaniuma.”

Nikampa.

Nilikuwa na hoja zangu. Nikasema, kama atakunywa, bora anywe kwangu nimwone, kuliko kwenda kunywa gongo vichakani. Hoja nzuri, siyo? Kila siku nilikuwa nayo mpya.

Zuhura alinijia. Hakukaa hata nilipomkaribisha.

“Wifi, nakuomba. Usimpe. Akija mrudishe kwangu.”

“Nimrudishe kwa kamba?” nikamjibu. “Mume ni wako. Kama humwezi, usinitupie mimi.”

Akanisogelea. “Baba yangu alimwuliza kabla ya ndoa akasema ameacha. Hakusema uongo. Nani amemrudisha?”

Nikaingia ndani nikamwacha amesimama.

Mvua za kupandia zilikaribia. Mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba trekta lifanye kazi kutwa, maana udongo ukishalowa sana halitapita tena. Asubuhi ile Kasiani alipita kwangu kabla ya kazi. Mikono ilikuwa inamtetemeka hata ufunguo alikuwa anaushika kwa mikono miwili.

“Kimoja tu, dada, mikono itulie. Siwezi kushika usukani hivi.”

Nikampa kimoja. Akaomba kingine, nikampa. Nikamtazama akienda, nikaona mikono imetulia kweli.

Kabla ya saa sita tukasikia kelele shambani. Trekta lilikuwa limeingia kwenye korongo na kupinduka, na mguu wa Kasiani uko chini yake. Wanaume walilinyanyua kwa magogo. Alipelekwa hospitali ya misheni kwenye gari la mizigo lililokuwa linapita. Madaktari walifanya walichoweza, lakini mguu ulikuwa umesagika. Ukakatwa juu ya goti.

Daktari aliniita pembeni. Akaniuliza kwa upole kama mgonjwa anakunywa, ameanza lini, na kama kuna wengine katika ukoo. Alisema anahitaji kujua, maana mtu aliyezoea pombe ikikatika ghafla anaweza kupata degedege kitandani.

Nikamwambia, “Hapana, daktari. Kwetu hakuna.”

Kesho yake Kasiani alianza kutetemeka na kuona siafu. Muuguzi akajua mwenyewe. Alinitazama tu.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Shamba la ujamaa lilikuwa halijalimwa hata nusu, na trekta ni chuma kilichopinda. Watu walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Mwenyekiti akasimama, akasema, “Ndugu wanakijiji, dereva alinuka pombe. Hilo limethibitika. Tunataka kujua, asubuhi ile nani alimuuzia?”

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na akina mama wenzangu. Nilitazama miguu yangu.

Kasiani alipotoka hospitali aliulizwa hilohilo. Alikuwa ameegemea magongo mawili, suruali imekunjwa na kufungwa kwa uzi. Akasema, “Nilikunywa njiani, kwa mtu nisiyemjua.” Hakunitazama. Wakamvua kazi. Mwaka ule tulilima shamba la kijiji kwa jembe la mkono, tukachelewa kupanda, na mahindi yakatoka mafupi. Kila nilipopita nikiona yale mahindi, nilijua ni yangu.

Zuhura alirudi kwao Ulaya na watoto. Kaka zake walimfuata kwa baiskeli, mizigo ikafungwa nyuma. Msichana alikuwa anamlilia baba yake. Kasiani alisimama mlangoni kwa magongo, akasema, “Nendeni na mama. Nitakuja.” Hakwenda.

Nilimjengea kibanda nyuma ya nyumba yangu. Nilifunga kilabu, nikavunja mapipa, nikaanza kuuza vitumbua na chai. Nilidhani nimetubu. Lakini vilabu vingine vilikuwepo, na gongo lilikuwepo, naye aliweza kwenda kwa magongo mpaka linakouzwa. Mara nyingine alikwenda Mikumi akakaa barabarani, akiomba wasafiri. Mume wa binti yangu ndiye aliyekuwa anamrudisha. Ndoa ile niliyoipigania, mkwe wangu alimjua mjomba wa mkewe kama mtu wa kuokotwa.

Akaanza kuvimba tumbo. Nilipoona macho yake yamekuwa manjano nilijua.

Siku zake za mwisho nilikaa naye mlangoni pa kibanda akiota jua. Nikamwambia habari ya kitambaa. Alikuwa haijui. Nilimweleza yote, kulia kwake, kibuyu cha baba, kucheza kwangu kamba.

Alitabasamu kidogo. “Ulikuwa mtoto, dada. Nami nilikuwa nakusumbua.”

Nikalia. Nikapata nguvu nikasema, “Na ile ya posa?”

Aligeuza uso akatazama barabarani. Nikauliza tena, “Kasiani, na ile ya posa?”

Akasema, “Dada, nisaidie nirudi ndani. Jua limekuwa kali.”

Alikufa bila kunijibu. Simlaumu. Alikuwa amenijibu siku ile aliponiuliza kama najua ninachompa.

Sasa, kilichonifanya niandike. Miezi michache iliyopita binti wa Kasiani alikuja kwangu kutoka Ulaya. Amekuwa mwanamke. Alinisalimu, nikampa kiti, akakaa akasokota ncha ya khanga yake.

“Shangazi, nimekuja kukuuliza jambo. Mama alituambia baba alikufa kwa ajali ya trekta.”

“Ndiyo, alipata ajali.”

“Mdogo wangu ameanza kunywa. Siku za gulio wanakaa na wenzake nyuma ya mabanda. Wenzake wanaonja wanaacha. Yeye haachi. Juzi alirudi amejitapikia, na bado ana umri wa shule. Mama amejifungia ndani, haniambii kwa nini. Shangazi, kwetu kuna nini?”

Nilitaka kusema kwetu hakuna kitu. Maneno yalikuwa mdomoni tayari, yaleyale niliyompa daktari.

Nilivaa viatu, nikamwambia twende.

Tulifika Ulaya, tukamkuta kijana anachonga mpini. Ana mikono ya baba yake. Zuhura alitoka, akaniona, akasimama. Sikuwa nimemtazama usoni tangu siku aliyonifuata kilabuni. Nikampigia magoti palepale uani, mimi mkubwa wake kwa miaka mingi. Nikamwambia, “Uliniuliza nani amemrudisha. Ni mimi. Niruhusu niwaambie watoto.” Aliingia ndani, akaleta mkeka.

Nikawaambia. Babu yao, baba wa babu yao, tumbo lililovimba, kitambaa, kibuyu cha njiani, siafu wa ukutani, kikombe cha posa, asubuhi ya trekta. Sikubakiza kitu. Kijana alikuwa anatazama mpini wake.

Nilipomaliza akauliza, “Kwa hiyo na mimi nitakufa hivyo, shangazi?”

Nikamwambia, “Sijui, mwanangu. Mimi ni wa damu hiyohiyo na haikunikamata, kwa sababu nilianza ukubwani, au kwa sababu ya bahati tu. Baba yako ilimkamata kabla hajaota meno. Wewe umeanza mapema kama yeye. Lakini baba yako aliweza kuacha. Hilo mtu asikufiche. Alikaa miaka bila kuonja, akalima mashamba ya watu, akawazaa ninyi. Hakushindwa yeye. Alisukumwa.”

“Na nani?”

“Nimekwambia. Na mimi.”

Aliinuka akatoka pale uani. Mpaka leo ninapoandika sijajua ameamua nini. Dada yake anasema magulio mawili yamepita hajaenda, la tatu alikwenda. Zuhura hajanisamehe, ila ameniambia nikipita Ulaya niingie ninywe maji.

Basi wewe unayesoma, nakuomba. Usimlaze mtoto kwa pombe, hata tone. Usimtume kilabuni ukacheka akirudi na kibuyu nusu. Kama kwenu wazee walikufa kwa pombe, waambie watoto wakingali wadogo, kwa maneno yaliyo wazi, kabla hawajaambiwa na daktari. Usiite ajali.

Na siku ya shughuli, ukimwona mtu amefunika kikombe chake kwa mkono, usimuulize ana nini. Usimwambie moja tu. Usipige magoti. Mwache, wageni wakasirike, wainue vyombo vyao waende. Binti atapata mchumba mwingine.

Mimi sina kaka mwingine.